Gunia la Mama Mariamu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kikao cha kikundi asubuhi, uani kwa Bi Mwaisha, mwenyekiti. Wanawake kumi na tisa na mimi. Daftari la mahudhurio likasomwa. Bi Mwaisha akaita Mama Mariamu. Nikaitika: yupo. Wakacheka. Wanacheka kila wiki. Mtu angedhani watachoka.

Naandika ili mambo yawe wazi. Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho miaka thelathini na mmoja, sijazoea kuacha jambo bila kuliandika. Kikundi ni cha wanawake. Mwanachama ni mke wangu, Mwanakombo, yaani Mama Mariamu. Mwanakombo yuko Dar es Salaam. Alikwenda Januari kumtunza binti yetu Mariamu, aliyekuwa amejifungua. Akasema anakaa arobaini tu, kisha anarudi. Arobaini iliisha Machi. Mtoto sasa anakaa mwenyewe na ana meno mawili. Mimi nimebaki na nyumba.

Katiba ya kikundi inasema mwanachama asiyeonekana vikao vitatu mfululizo anafutwa. Mke wangu hafutwi popote nikiwa hai. Kwa hiyo nakwenda mimi.

Leo alikuja mtaalamu wa kilimo, binti wa Masasi anayeitwa Agnes. Kanipa shikamoo ya heshima kabisa. Anatufundisha kulima mboga kwenye gunia. Unalisimamisha gunia, katikati unaweka kopo lisilo na kitako, unalijaza kokoto. Pembeni udongo mwekundu na samadi. Unalivuta kopo juu, unajaza tena, hivyo hivyo mpaka gunia linafika kifuani. Ubavuni unatoboa matundu, kila tundu mche wake. Maji ya kuoshea vyombo unayamwaga juu ya kokoto. Hapa kwetu juu ya kilima cha Mikindani, ambako bomba hutoa maji likijisikia, hiyo ni habari kubwa. Wanawake walisikiliza tu. Mimi nilichora mchoro wenye vipimo.

Agnes akasema gunia moja likitunzwa linalisha nyumba ya watu sita. Nyumba yangu ina mtu mmoja. Sikunyoosha mkono.

Mpango: nitengeneze gunia refu kuliko yote. Nilipige picha. Nimpelekee Mwanakombo. Aone nyumba yake ilivyonawiri, apande basi, awe hapa kabla ya Maulidi. Sioni kasoro yoyote.

Jumapili, 3 Agosti

Udongo lazima uchekechwe. Nimepiga simu Dar kuuliza chekeche liko wapi. Mwanakombo akasema liko nyuma ya mtungi. Nilijua liko nyuma ya mtungi. Nilikuwa nalitazama. Tumeongea dakika mbili na nusu, kisha mtoto akalia.

Wiki iliyopita niliuliza sindano. Kabla ya hapo, kibiriti.

Bi Mwaisha alipita kunieleza utaratibu. Wanawake wote watakwenda pamoja shambani kuchukua udongo mwekundu, kila siku wanajaza gunia la mwenzao mmoja. Mwenye nyumba kazi yake ni kuwapikia. Zamu ya Mama Mariamu ni Jumatano. Nikamshukuru, nikakataa. Kuwapikia watu kumi na tisa! Mimi nikipika ugali wa muhogo hata paka wa nyumba hii anatoka nje. Tena wangeingia jikoni, wangeona kila kitu kilivyo. Nikasema najitegemea.

Jirani yangu Bi Zulfa, muuza mchicha, hatupatani tangu kuku wake walipofukua mihogo yangu mwaka 2019. Leo kachungulia juu ya ua wa makuti akauliza kama najenga mnara wa simu. Sikumjibu. Nimejibu ndani, baadaye, vizuri sana.

Jumatatu, 4 Agosti

Shamba la udongo mwekundu ni mwendo wa saa nzima. Nimefikiri kama msomi. Kwa nini niende mbali wakati chini pale kwenye mikoko kuna udongo mweusi, laini, mzito, wa bure? Mkoko ni mti mkubwa. Mchicha ni jani. Udongo unaolea mti mkubwa utashindwaje na jani?

Nimeshuka maji yakiwa yamekupwa, pamoja na Kassimu mwenye guta la kubebea mizigo. Kajaza viroba tisa. Akauliza udongo wa nini. Nikasema wa mboga. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta neno la adabu. Hakulipata. Akauliza badala yake Mama Mariamu anarudi lini.

Nikasema Ijumaa. Nimekuwa nikisema Ijumaa tangu Aprili.

Alhamisi, 7 Agosti

Limesimama! Mita moja na robo tatu. Mimi mwenyewe ni mita moja na sentimita sitini na tano. Namwagilia nikiwa juu ya kigoda. Matundu arobaini na mawili, kila tundu na mche wa mchicha aliotugawia Agnes. Gunia la Bi Zulfa linamfika kiunoni. Nimepita mara nne karibu na ua wake nikikohoa.

Jioni nimekaa barazani kulitazama. Linapendeza. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nikaingia ndani.

Jumatano, 13 Agosti

Ncha za majani zimegeuka kahawia. Nimeongeza maji. Ubavuni mwa gunia pametokea unga mweupe. Nimefurahi, nikidhani ni mbolea inatoka.

Mwanakombo kapiga mwenyewe! Hajapiga mwenyewe tangu Idi. Kauliza gunia linaendeleaje, maana nilikuwa nimemdokeza. Nikasema linaendelea vizuri mno. Nalala na furaha.

Ijumaa, 15 Agosti

Imekufa yote. Arobaini na miwili kati ya arobaini na miwili.

Nimelamba ule unga mweupe. Chumvi. Naweza kukolezea mchuzi. Nimezaliwa Mikindani, nimekulia Mikindani, na nimepanda mboga kwenye udongo unaofunikwa na bahari. Hili haliendi nje ya daftari hili.

Saa tano simu. Mwanakombo anaomba picha.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefikiri siku mbili. Jibu lilikuwa jepesi.

Nimekwenda Mtwara mjini, mbali na macho ya watu, kwenye genge moja Magomeni. Nimenunua mafungu ishirini ya mchicha mzuri ajabu, yamefungwa kwa ukindu. Nimerudi na mfuko mzima. Nikachomeka mafungu matunduni, moja moja, na ukindu wake ili yasiachane. Nikarusha maji kidogo yang'ae. Nikapiga picha upande wa jua. Gunia lilikuwa msitu!

Nimeituma kwa simu ya Mariamu, amwonyeshe mama yake. Nikaandika chini yake: Nyumbani kwema.

Chakula cha usiku: mchicha.

Jumatatu, 18 Agosti

Chakula cha asubuhi: mchicha.

Mwanakombo kaleta ujumbe wa sauti. Sauti yake ilikuwa karibu kabisa, nikaenda kukaa nayo chumbani. Kwanza alicheka, kile kicheko chake cha kuishia na kikohozi. Kisha akasema, nanukuu kama nilivyosikia: "Kumbe unaweza, Baba Mariamu. Nilikuwa nimeanza kufungasha, nikidhani unahangaika peke yako. Sasa moyo umetulia. Nitamsaidia Mariamu mpaka Rajabu, akipata msichana wa kukaa na mtoto."

Alikuwa ameanza kufungasha.

Nimeusikiliza ujumbe mara kumi na moja. Rajabu iko Desemba. Alikuwa ameanza kufungasha na mimi nimemfungulia mizigo kwa mafungu ishirini ya mchicha.

Jumatano, 20 Agosti

Balaa jingine. Mwanakombo kaituma ile picha kwa Bi Mwaisha kwa kuringa. Ameringa kwa ajili yangu! Ningefurahi kama si kilichofuata. Bi Mwaisha kaja hapa mwenyewe kunipongeza. Jumamosi kikundi kizima pamoja na Agnes wanakuja kujifunza kwangu. Nilimpokea mlangoni na kusimama katikati ya mlango muda wote. Akanyoosha shingo kulia, nami kulia. Akaondoka akisema mambo mazuri hayafichwi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimepata mpango: mbuzi. Mbuzi wa Athumani huzurura mtaa mzima. Akiingia kwangu akala bustani, mimi ni mtu aliyeonewa, watu wananipa pole, picha inabaki ushahidi.

Nimemvuta kwa maganda ya muhogo. Akaingia. Akanusa miche iliyokauka, akaidharau. Akaanza kulamba gunia. Analamba chumvi! Amelamba tangu saa tatu mpaka alasiri, akizunguka. Nimemsukuma, karudi. Nimemfukuza kwa ufagio, karudi. Nimeita Athumani aje amchukue, akaja, akamtazama mbuzi, akalitazama gunia, akamburuta mbuzi.

Alipoondoka uwanja ukawa kimya. Lazima nikiri kwamba nilikuwa nimeanza kuzungumza na yule mbuzi. Nilimweleza habari za Rajabu.

Ijumaa, 22 Agosti

Baada ya swala nimekwenda tena Magomeni. Genge lile lile. Mafungu ishirini na matano. Mwenye genge kaniuliza kama nina shughuli nyumbani. Nikasema ndiyo. Akauliza shughuli gani. Nikasema mke wangu anarudi. Akaniongezea fungu moja la pongezi.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa nimechoka. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja nilichomeka mchicha. Saa mbili ulikuwa safi. Wageni walitegemewa saa mbili. Wakaja saa nne na nusu. Jua la hapa kilimani kila mtu analijua. Walipoingia, mafungu yote ishirini na sita yalikuwa yameinamisha vichwa.

Mbuzi wa Athumani alikuwa amekwishafika. Analamba.

Wanawake wakalizunguka gunia. Agnes akasema kwa adabu kwamba hajawahi kuona mchicha ukichipua kwa mafungu. Nikaeleza kwamba ni mbegu ya zamani. Bi Zulfa akasogea, akachomoa fungu moja. Halikuwa na mizizi. Akaugeuza ule ukindu, akautazama, akanitazama mimi.

"Karani," akasema, "hili fundo ni langu."

Kumbe ndiye anayelipelekea mchicha genge la Magomeni, kila siku alfajiri. Nimesafiri mpaka Mtwara mjini mara mbili kununua mboga ya jirani yangu. Nililipanda gunia langu lote kwa mikono ya Bi Zulfa!

Nilisubiri kicheko. Kikaja, na kilikuwa kirefu. Bi Zulfa ilibidi ashike ua. Agnes aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mimi nikasimama pale na shati langu la Idi nililolivaa kwa ajili yao, na macho yakanilowa. Sikutaka. Nikasema ni vumbi.

Bi Mwaisha ndiye aliyeona. Akapiga kofi moja, kicheko kikakatika. Akasema kwa kuwa leo wako hapa, basi hii ndiyo ile zamu ya Mama Mariamu iliyorukwa.

Wakaliangusha gunia. Ule udongo mweusi wakaumwaga mbali, nyuma ya choo. Agnes akasema gunia lenyewe limekwisha kunywa chumvi, likatupwa pamoja na mbuzi wake. Mmoja akaleta gunia jipya. Bi Zulfa akatoa udongo mwekundu kutoka kwenye lundo lake mwenyewe, ndoo kwa ndoo, juu ya ua. Nilizipokea mimi. Hatukusemeshana, lakini nilizipokea.

Wengine waliingia jikoni kwangu. Nilikuwa nimeliogopa hilo tangu Januari. Wakaanza kuuliza kutoka ndani: sufuria kubwa? Nikasema chini ya kitanda cha uani. Mwiko? Kwenye kapu la kati. Nazi? Mbuzi ya kukunia? Nilijibu zote nikiwa nachekecha. Wakapika wali na samaki na ule mchicha wa Bi Zulfa, wote. Tukala uani. Watu ishirini na mmoja! Kulikuwa na kelele mpaka nikashindwa kusikia adhana ya adhuhuri.

Walipokuwa wanaosha vyombo, na kumwaga maji yake kwenye gunia kama tulivyofundishwa, Bi Mwaisha alinivuta pembeni. Akasema Mwanakombo humlalamikia kwamba mumewe amekuwa msahaulifu, hajui hata kibiriti kiliko. Naye leo ameniona nikijua kila kijiko cha nyumba hii.

Nikaanza kukusanya vijiko.

"Mwenzako hajui kama unamhitaji," akasema. "Mwambie arudi. Basi. Usimtumie picha."

Wakaondoka saa tisa. Nimefagia uwanja, ingawa walikuwa wameshafagia. Hii ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu aondoke, na haikutokana na mpango wangu wowote. Nimeitamani tena mara ilipokwisha.

Jumamosi, 30 Agosti

Kikao. Kila mche mpya wa mchicha una majani manne. Gunia linanifika kifuani tu, lakini liko hai.

Bi Mwaisha alileta hoja. Kikundi kimezungumza, kimekubali kuvunja kanuni na kuniandika mimi kwa jina langu. Abdulrahmani, mwanachama kamili, niwe na gunia langu, zamu yangu na sahani yangu. Ila daftari lina mistari ishirini tu na yote imejaa, kwa hiyo jina langu litakaa pale penye la Mwanakombo mpaka atakaporudi. Bi Zulfa ndiye aliyeunga mkono. Bi Zulfa!

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa mwenyekiti. Nilitamani. Nasema kweli, nilitamani sana. Kisha nikauona ule mstari, Mwanakombo, namba saba, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi ya kwanza kubwa kuliko zote kama anavyoandika siku zote. Nikasema jina libaki.

Bi Mwaisha akafunga kalamu. Akaanza kuita upya tangu juu, na alipofika namba saba nikaitika.

Jumatatu, 1 Septemba

Leo ndiyo siku ya kumwambia. Maulidi ni wiki hii. Nimefanya mazoezi mbele ya gunia tangu asubuhi. Mwanakombo, rudi nyumbani. Maneno matatu. Nimeyasema mara ishirini bila kukosea. Nilikuwa na beleshi mkononi, nikiondoa kokoto zilizobaki, simu ikaita.

Alikuwa yeye. Tukasalimiana. Akauliza afya, nikauliza mtoto. Kisha nikamsikia anafunga mlango, kelele za nyumba ya watu zikabaki nyuma yake.

"Unatafuta nini leo, Baba Mariamu?"

Aliuliza taratibu. Hakuwa anatania. Mimi namjua huyu mwanamke miaka thelathini na minne, na naapa aliniachia mlango wazi. Ilikuwa niingie tu.

Nikamwambia natafuta beleshi.

Akasema liko nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamshukuru sana. Nikaongeza kwamba gunia linastawi, asiwe na wasiwasi wowote, majani manne. Akasema haya. Akasema basi, Rajabu. Dakika tatu na sekunde kumi.

Nimekaa juu ya kigoda mpaka jua likapinda. Nimelichunguza suala lote kwa utulivu, na kosa nimeliona. Kosa ni kwamba gunia ni moja. Kwa gunia moja hakuna mtu atakayepanda basi kutoka Dar. Yangekuwa mawili, tena marefu, yamesimama huku na huku kwenye mlango wa mbele, hilo lingemfikirisha mtu.

Kassimu anakuja kesho na guta. Sitaki kuwasumbua wanawake tena kwa udongo mwekundu. Safari hii nitachota juu kidogo ya mikoko, hatua kumi hivi, ambako maji hayafiki kila siku.

Kassimu kauliza Mama Mariamu anarudi lini. Nimemwambia Ijumaa.